Mvua Isitoke Uani

Barabara ya lami itokayo Kigoma mjini kwenda mashariki hufika Kidahwe na kugawanyika: mkono mmoja unapanda Kasulu, mwingine unaelekea Uvinza. Mwezi wa Agosti njia panda hiyo huwa na vumbi jekundu hadi kwenye majani ya migomba, na mtu anayesukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji hageuziwi shingo na yeyote. Miezi minne baadaye, Desemba, palepale maji yanafoka kwenye mitaro, yamebeba udongo, majani makavu na pengine kandambili ya mtoto, yakiteremkia mabondeni na mwisho Ziwa Tanganyika. Watu ni walewale na paa za bati ni zilezile. Maji yalifika hadi mlangoni, hayakuandaliwa pa kukaa, yakaondoka.

Ziwa lenyewe haliko mbali. Kina chake ni mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na linabeba takribani asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Lakini maji ya ziwa hayapandi vilima yenyewe. Hupandishwa kwa pampu, mabomba, umeme na fedha. Pasipo hivyo hupandishwa kwa kichwa cha mama na mgongo wa baiskeli. Wala kuishi ufukweni hakumhakikishii mtu maji salama. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walipojazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kipindupindu kilizuka na wagonjwa wakahesabiwa kwa maelfu, ilhali ziwa lilikuwa mbele ya macho yao.

Hesabu ya mvua ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ukanda wa Kigoma hupata kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Mei. Tuseme nyumba ina paa la bati la mita 8 kwa 6, eneo likipimwa chini ardhini kutoka ncha hadi ncha, bila kufuata mteremko wa bati. Hizo ni mita 48 za mraba. Zikizidishwa kwa milimita 900 zinapatikana lita 43,200. Moja ya tano ikipotea kwa kuruka, kuvuja na kukaukia juu ya bati, zinabaki lita zaidi ya 34,000, sawa na madumu 1,700 ya lita 20. Kuyaleta kwa baiskeli ya madumu manne kungetaka zaidi ya safari moja kila siku kwa mwaka mzima, na paa limekuwa likiyatoa kila mwaka tangu lilipoezekwa.

Sasa upande wa pili wa daftari. Kiangazi cha huku huchukua siku 150 hivi hadi mvua za kutegemewa zirudi. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, inahitaji lita 30 kwa siku, yaani lita 4,500 kwa kiangazi chote. Tanki la lita 5,000 likijaa Mei linatosha, na akiba kidogo inabaki. Lakini mboga nazo zina kiu. Kwenye jua la Julai mita 1 ya mraba ya mchicha huhitaji lita 5 hivi kwa siku. Tuta moja la mita 1 kwa 10 litadai lita 50 kila siku, lita 7,500 kwa msimu. Tanki lilelile litakauka siku ya mia moja, na katika siku hizo zote hakuna mtu aliyekunywa hata kikombe.

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Wananunua tanki kwa fedha nyingi, wanalima matuta manne kwa furaha ya mwezi wa kwanza, na kufikia Agosti wana tanki tupu na mboga zilizosinyaa. Wanahitimisha kwamba kilimo cha uani hakiwezekani pasipo bomba. Kinachowezekana kinaanzia kwenye mgawanyo. Tanki ni la mdomo na kitalu cha miche. Bustani inapaswa kuishi kwa maji mengine mawili ambayo watu wengi huyahesabu kuwa yamekwisha kupotea: yale yanayofurika tanki likijaa, na yale yaliyokwisha kuogea na kuoshea vyombo.

Kazi inaanzia kwenye paa. Paa safi la mabati linafaa; paa la nyasi hutoa maji yenye rangi na takataka, hayo yaachiwe migomba. Paa lililopakwa rangi ya zamani yenye madini ya risasi lisitumike kwa maji ya kunywa kabisa. Matawi ya mwembe yanayoning'inia juu ya bati yakatwe, kwa sababu ndege na popo hukaa hapo usiku kucha, na kila wanachoangusha kitaingia kwenye kikombe.

Mfereji wa paa, ambao mafundi wengi huuita gata, ndio mahali maji mengi hupotelea. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni sentimita 1 ya mraba ya uwazi wa mfereji kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Bomba la plastiki la inchi 4 likipasuliwa katikati kwa urefu linatoa mifereji miwili, kila mmoja ukiwa na uwazi wa sentimita 40 hivi za mraba. Paa la mita 48 za mraba lenye pande mbili humwaga maji ya mita 24 za mraba kila upande, kwa hiyo nusu ya bomba inatosha na kubakiza nafasi ya mvua kali. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukipungua, maji hutuama na majani huozea humo. Ukizidi, upande wa chini wa mfereji unakuwa mbali mno na ncha ya bati na maji yanaupita yakianguka nje.

Kuhusu hilo la maji kuupita mfereji, kuna ujuzi wa hapa hapa Afrika Mashariki ambao haujulikani vya kutosha. Erik Nissen-Petersen, mjenzi mwenye asili ya Denmark aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi kavu ya Kitui, Kenya, aliandika pamoja na John Gould kitabu kuhusu uvunaji wa maji ya mvua kilichotoka mwaka 1999. Katika michoro aliyoieneza, mfereji unakunjwa kwa bati umbo la V na kuning'inizwa kwa waya, na kwenye ncha ya paa unapigiliwa ukanda wa bati uliokunjwa kuelekea chini. Mvua ya kishindo inaporuka kutoka kwenye bati hugonga ukanda huo na kutumbukia mferejini. Waya zina faida nyingine: fundi anaweza kukaza huku na kulegeza kule hadi mteremko ukae sawa, bila kung'oa msumari. Kwa mvua za Kigoma, ambazo zinaweza kumwaga milimita 50 katika alasiri moja, kipande hicho cha bati kinaokoa maji kuliko kuongeza ukubwa wa tanki.

Mvua ya kwanza isiingie tankini. Baada ya miezi mitano ya vumbi, kinyesi cha ndege na majivu ya mioto inayochomwa porini wakati wa kiangazi, maji ya dakika za mwanzo ni ya kuosha paa. Wapo wanaosimama na kugeuza bomba kwa mkono, lakini mvua haina adabu ya kusubiri mtu awe nyumbani. Bora kuweka bomba la kusimama la inchi 4, lililozibwa chini kwa kizibo cha kufunguka, kabla ya njia ya kuingia tankini. Kila mita 1 ya bomba hilo hubeba lita 8. Mita 3 hubeba lita 24, kiasi cha nusu milimita ya mvua kwa paa letu. Likijaa maji machafu, yale safi yanapita juu yake na kuendelea tankini. Kizibo kinatobolewa tundu dogo la msumari ili bomba lijimwage taratibu na kuwa tayari kwa mvua ijayo, na maji hayo yapelekwe kwenye shina la mpapai. Mvua mbili tatu za mwanzo kabisa za Oktoba, zenyewe, zote zielekezwe bustanini.

Tanki lenyewe ni suala la mfuko. Pipa la lita 200 halidharauliki: linaweza kulea kitalu na kuosha mikono ya watoto. Lakini pipa lililowahi kubeba kemikali au dawa za mashamba lisiletwe uani hata likioshwa mara kumi. Tanki la plastiki, maarufu kama simtanki, ni jepesi kulisafirisha na halihitaji fundi wa kulijenga. Udhaifu wake ni kwamba likipasuka haliungiki kirahisi, na fedha zote hutoka kwa mkupuo. Nchini Thailand, katika miaka ya 1980, kampeni kubwa ya serikali na wanavijiji ilijaza eneo la kaskazini-mashariki mitungi ya saruji ya lita 1,000 hadi 2,000, mamilioni kwa idadi. Hawakuanza na tanki kubwa. Familia ilijenga mtungi mmoja, msimu uliofuata ikaongeza wa pili. Njia hiyo ya kudunduliza inaifaa Kidahwe, ambako fedha huingia kwa mavuno ya maharage au kwa kukamua mawese na si kwa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kuvuna mvua, kwa kweli, si jambo la kigeni kwenye pwani ya Waswahili. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, lipo birika la kukingia maji ya mvua, kwa sababu ngome iliyozingirwa haiwezi kutegemea kisima cha nje ya ukuta. Kaya iliyo kilomita kadhaa kutoka bombani, kwenye kiangazi cha miezi mitano, imezingirwa vilevile.

Maji ni mazito. Lita 5,000 ni tani 5, sawa na lori dogo lililoegeshwa kando ya ukuta. Msingi wa tanki uchimbwe hadi udongo mgumu, ujengwe kwa mawe na saruji, na uinuliwe sentimita 60 hivi ili ndoo iingie chini ya koki. Koki isikae sakafuni mwa tanki kabisa bali sentimita 5 au zaidi juu yake, tope linalotua lisitoke na maji. Mwanga wa jua ukiingia, maji yanaota ukijani. Kwa hiyo mfuniko uzibe na tanki lisiwe la plastiki inayoangaza. Kila tundu, pamoja na la kutolea hewa na la kufurikia, lifungwe wavu laini wa mbu. Kiluwiluwi huhitaji siku saba hadi kumi tu kuwa mbu kamili, na mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda hasa maji safi ya mapipa na ndoo za uani. Kuvuna maji na kufuga mbu kwa pamoja ni hasara tupu.

Maji ya tanki bado yanahitaji kutibiwa kabla ya kunywewa. Kuchemsha ndiyo njia inayojulikana zaidi, ingawa inakula kuni. Dawa ya klorini ya vidonge au ya maji itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia. Iko njia ya tatu isiyo na gharama: chupa za plastiki zisizo na rangi, zilizojazwa maji yasiyo na tope, zilazwe juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, siku ya mawingu mazito, siku mbili. Kiangazi cha Kigoma, chenye jua lisilo na mawingu, kinaifaa njia hii kuliko msimu wa mvua.

Turudi kwenye zile lita 34,000. Mvua moja ya milimita 50 juu ya paa letu inatoa karibu lita 1,900. Mvua tatu za namna hiyo zimeshalijaza tanki, nayo bado ni Novemba. Hata familia ikiwa inachota kila siku, sehemu kubwa ya mvua ya mwaka itapita kwenye bomba la kufurikia. Mafundi wengi huliacha bomba hilo limwage popote, mara nyingi kwenye msingi wa nyumba, na kwa nyumba ya tofali mbichi hiyo ni hatari ya ukuta kuanguka. Bomba hilo ndilo mto wa bustani. Liongezwe urefu hadi mita 3 au 4 kutoka ukutani, upande wa chini wa mteremko, na limwage ndani ya shimo la migomba.

Shimo hilo ni bakuli lenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1 katikati. Udongo uliochimbwa unafanywa kingo kuzunguka, na juu ya kingo hizo hupandwa migomba mitatu au minne, mpapai mmoja, na viazi vitamu vya kufunika ardhi. Bakuli likiwa tupu linapokea karibu lita 2,000, yaani mvua nzima ya alasiri moja. Likijazwa mabua, majani, maganda na kila kinachooza, linapokea kidogo zaidi ya nusu yake, lakini kile kinachooza hushika unyevu kama sifongo na kugeuka chakula cha migomba. Mikungu mitupu ya michikichi na makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese, vitu ambavyo uani kwa watu wa Kigoma vinapatikana bure, vinafaa kazi hii kuliko kuachwa virundike kando ya pipa la kuchemshia.

Shimo moja likijaa, mtaro mdogo unaofuata usawa wa ardhi uyapeleke maji kwenye la pili. Kwenye viwanja vya mteremko, matuta ya kukinga maji yana jina la Kiswahili lililokwenda hadi kwenye vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi nyingine: fanya juu. Mtaro unachimbwa kwa usawa wa kilima na udongo unarushwa upande wa juu. Wakulima wa Machakos, Kenya, waliyasambaza kwa bidii tangu miaka ya 1950. Kule Dodoma, kijiji cha Chololo kimelipa jina lake shimo dogo la kupandia linalokusanya maji kwenye ardhi kavu. Kidahwe ina mvua nyingi kuliko Dodoma, ila tatizo la mwisho ni lilelile: maji yanakimbia haraka kuliko udongo unavyoweza kuyanywa.

Yanabaki maji ya kuogea na kuoshea. Watu sita wakioga kwa lita 10 kila mmoja, lita 60 zinapita bafuni kwa siku, ziwe zimetoka bombani, kisimani au mtoni. Hizo zinatosha mita 12 za mraba kwa hesabu ile ya lita 5. Ndiyo kusema tuta la mita 10 lililotaka kulimaliza tanki linaweza kuishi kiangazi kizima kwa maji ambayo tayari yalikuwa yanatengeneza dimbwi nyuma ya bafu. Masharti ni machache. Maji hayo yasilazwe kwenye ndoo hadi kesho, yananuka. Yamwagwe kwenye udongo chini ya mmea, si juu ya majani. Yale yenye dawa ya kung'arisha nguo, na yale yaliyofulia nepi za mtoto, yasitumike. Yapelekwe kwa migomba, mipapai, bamia, nyanya chungu na mboga zinazopikwa vizuri. Mboga ya kutafunwa mbichi iachwe. Na sehemu ya kumwagia ibadilishwe baada ya siku kadhaa, maana sabuni ikirundikana mahali pamoja udongo hugoma.

Mboga zenyewe sasa. Kosa la kwanza la wanaoanza ni nyanya. Kila mtu huanza na nyanya kwa sababu ndizo anazonunua kila siku, na huzipanda Novemba kwa sababu mvua imekuja. Nyanya za mvua kubwa hushikwa na baka jani, na zikivuka hapo hukutana na kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwatia hasara hata wakulima wenye mashamba makubwa na dawa za kutosha. Kwa mtu wa tuta moja, nyanya zisubiri. Kitalu chake kisiwe Novemba bali Machi au Aprili, chini ya kichanja, miche ihamishwe mvua zikikaribia kuisha, na matunda yaive katika miezi ya Julai na Agosti mvua ikiwa imekatika.

Anayeanza aanze na mchicha, ambao wengi wa ukanda wa ziwa huuita lengalenga. Ndani ya wiki tatu hadi nne unachumwa, na hakuna kinachomtia mtu moyo kama kula alichopanda kabla ya mwezi kwisha. Matembele hayahitaji hata mbegu: vipande vya mmea vya sentimita 30 vinachomekwa kwenye udongo wenye unyevu na vinashika. Kunde huliwa majani kwanza na mbegu baadaye, na huku zinaurutubisha udongo. Maboga yaachiwe kutambaa kwenye kingo za shimo la migomba. Muhogo usimame pembezoni; ndio wenye sombe, yaani kisamvu, na hauna malalamiko wakati wa jua. Kisamvu hicho kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha kama akina mama wa Kigoma wanavyojua kufanya, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo kutwanga na moto ndivyo huiondoa.

Kosa la pili ni samadi mbichi. Kinyesi cha kuku kilichotoka bandani leo kikiwekwa kwenye miche leo, miche inaungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kirundikwe na majani, kinyunyiziwe maji, kigeuzwe kila wiki mbili, na baada ya miezi miwili au mitatu kiwe cheusi, kisicho na harufu. La tatu ni kuku wenyewe. Kuku wawili wanaweza kumaliza kitalu cha wiki tatu katika asubuhi moja, na ugomvi na jirani mwenye kuku hauoteshi mche. Uzio wa matete au mabua ufike kiunoni kabla ya mbegu kushuka ardhini.

La nne halionekani kwa macho: kumwagilia kidogo kidogo kila jioni, uso wa udongo ukilowa na mizizi ikibaki kavu. Afadhali mara moja kwa siku mbili, maji yashuke kiganja kizima kwenda chini, kisha juu yafunikwe matandazo ya nyasi kavu au yale makapi ya mawese kwa unene wa sentimita 5 au zaidi. Anayetilia shaka afunike nusu ya tuta na kuacha nusu nyingine wazi, halafu baada ya siku tatu achimbe kwa kidole pande zote mbili. Jaribio hilo halina gharama, na mara nyingi hubadilisha ukulima wa mtu kuliko semina ya kutwa.

Vidukari wakijitokeza kwenye sukuma wiki au kunde, maji yenye sabuni kidogo yanawaangusha. Majani ya muarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha husaidia kwa wadudu wengi watafunao. Mmea ulioshambuliwa na mnyauko ung'olewe na kuchomwa, usiingizwe kwenye mboji.

Asiye na kiwanja pia ana nafasi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mahali ambapo mlango wa mtu hutazamana na mlango wa mwenzake. Gunia linajazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati unainuliwa mhimili wa kokoto ambao maji hupitia hadi chini, na miche inachomekwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Ujiji, ambako nyumba zimebanana na ua ni mdogo, magunia mawili karibu na mlango wa jikoni yanaweza kupokea maji ya kuoshea mboga na mchele moja kwa moja kutoka kwenye beseni.

Na Ujiji kuna somo jingine, limesimama pale kwenye jumba la kumbukumbu ya Livingstone. Mwembe ambao chini yake inasemekana Stanley alikutana naye mwaka 1871 umekwisha kufa, lakini miembe iliyopo leo ilitokana nao kwa kubebesha. Kubebesha ni ujuzi wa kisu, ukanda wa plastiki na subira, na unamfaa mwenye ua mdogo: mwembe uliobebeshwa huzaa ndani ya miaka mitatu hadi mitano, wakati wa kokwa unaweza kumchukua maradufu. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall umekuwa ukifanya kazi na vijiji vinavyozunguka Gombe kuhusu vitalu vya miti, kilimo na hifadhi ya vilima vinavyopeleka maji ziwani. Nacho kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapo hapo wilayani Kigoma, kinashughulikia miche bora ya michikichi. Anayetaka mti wa uani afike huko kwanza kabla ya kununua mche usiojulikana asili yake kando ya barabara.

Mbegu za mboga ziwe za aina mbili mkononi. Za dukani zenye tarehe kwa mazao ya kuuza, na za nyumbani kwa mchicha, kunde, maboga na bamia, ambazo mkulima anaweza kuzitunza mwenyewe. Achague mmea mmoja ulio bora, aufunge kitambaa ili usichumwe kwa bahati mbaya, auache ukomae hadi kukauka, kisha mbegu azianike kivulini, azichanganye na majivu makavu na kuzifungia kwenye chupa yenye mfuniko.

Kalenda ya kazi inajirudia kwa mvua. Aprili tanki lioshwe zamu moja kati ya mvua mbili, lijazwe upya, na kuanzia wiki ya kwanza ya Mei maji ya tanki yasitolewe kwa bustani ili mvua za mwisho ziache tanki limejaa hadi mdomoni. Juni kila mwanafamilia ajue alama: mstari wa rangi uchorwe kwenye tanki kwa kila lita 1,000, na maji yasishuke chini ya nusu ya tanki kabla ya Agosti. Wiki ya mwisho ya Septemba, mawingu yanapoanza kujikusanya juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ngazi iegemezwe ukutani. Majani yatolewe mferejini kwa mkono, kizibo cha bomba la maji machafu kifunguliwe na kusafishwa, nyavu zikaguliwe matundu, shimo la migomba liongezwe majani makavu. Kisha ndoo moja ya maji imiminwe taratibu kwenye ncha ya juu ya mfereji, na mtu mwingine asimame chini kutazama kama yote yanafika kwenye bomba bila kutuama njiani wala kudondoka kwenye maungio.